AmBisome kwa macho ya muuguzi anayeitundika

Naandika haya kwa wauguzi wenzangu, kwa wafamasia wanaoagiza dawa za wodi, na kwa ndugu wa wagonjwa wanaoona mfuko wa maji ya njano umening'inia juu ya kitanda cha mtu wao na hawajapata wa kuwaeleza. Dawa yenyewe ni AmBisome, yaani amfoterisini B iliyofungwa ndani ya chembe ndogo sana za mafuta. Ugonjwa ninaoitumia ni homa ya uti wa mgongo ya fangasi, ile inayowapata zaidi watu wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka sana. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanaume katika hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini, Tanzania. Amfoterisini ya zamani nimeitundika miaka mingi, na hii ya sasa naichanganya kwa mikono yangu.

Msimamo wangu nauweka mbele ili asiyependa maelezo marefu aondoke nao: kwa ugonjwa huu sijawahi kushika dawa ya mshipa iliyo bora kuliko hii. Na kinachonigusa zaidi ni kwamba kilichomo ndani ni sumu ileile ya zamani. Kilichobadilika ni namna ilivyofungwa.

Amfoterisini B ilipatikana miaka ya 1950 kutoka kwa bakteria wa udongo uliochukuliwa kando ya mto Orinoco, Venezuela. Inafanya kazi kwa kujishika kwenye ergosteroli, aina ya mafuta yanayojenga utando wa seli ya fangasi. Ikishajishika inatoboa ule utando, chumvi za ndani zinavuja, fangasi anakufa. Tatizo ni kwamba utando wa seli zetu sisi una kolesteroli, na kolesteroli inafanana na ergosteroli vya kutosha dawa kuishika nayo, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Figo ndizo zinazoumia kwanza. Isitoshe, dawa hii haiyeyuki kwenye maji, ndiyo maana ile ya zamani imechanganywa na deoksikoleti, chumvi ya nyongo, ili iweze kupitishwa kwenye mshipa.

Aliyewahi kumhudumia mgonjwa wa dawa ile ya zamani anajua saa ya kwanza inavyokuwa. Mgonjwa anaanza kulalamika baridi. Meno yanagongana, kitanda cha chuma kinalia, halafu joto linapanda. Unapunguza kasi ya dripu, unatoa parasetamoli, mara nyingine daktari anaandika haidrokotisoni au hata pethidini. Dripu ya saa 4 inageuka ya saa 6. Kesho yake unarudia yote. Mshipa uliotumika jana umevimba na kukakamaa, unatafuta mwingine kwenye mkono wa mtu aliyekonda mpaka mifupa inahesabika. Ikifika katikati ya wiki majibu ya maabara yanarudi: kreatinini, kile kipimo cha figo, imepanda, potasiamu imeshuka, damu imepungua. Daktari anasimamisha dozi ili figo zipumue, na wakati figo zinapumua fangasi wanaendelea kuzaana kwenye ubongo. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 hayo yalikuwa mambo ya siku 7; kabla ya hapo wengi walikuwa wanakwenda wiki 2.

Sasa tazama walichofanya wa AmBisome. Walichukua mafuta yanayoitwa fosfolipidi, yatokanayo na soya, wakayachanganya na kolesteroli, wakatengeneza viputo vyenye ukuta wa mafuta, ambavyo wataalamu wanaviita liposomu. Kila kiputo kina upana usiozidi nanomita 100. Unywele wa mtu una nanomita kama 80,000. Dawa haielei ndani ya kiputo, imekaa ndani ya ukuta wenyewe, imeshikana na yale mafuta. Kwa kuwa imeshikwa vizuri, inazunguka kwenye damu bila kuachia hovyo. Kiputo kikigusa ukuta wa fangasi, ndipo dawa inapohama kwenda kwa adui anayeivuta kwa nguvu zaidi. Figo zinaonja kidogo tu. Ndiyo sababu dawa ya zamani tulikuwa tunatoa miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa na tunatetemeka naye, na hii tunatoa miligramu 10 kwa kilo, kwa mkupuo mmoja, mara moja tu. Mara 10 ya kile tulichokuwa tunakiogopa! Mara ya kwanza nilipoona daktari ameandika hivyo kwenye faili nilikwenda kumuuliza ana kwa ana, na namshauri kila muuguzi afanye hivyo, maana kwa amfoterisini ya zamani dozi hiyo inaua. Majina yanafanana na vichupa vyote vina miligramu 50. Soma lebo, kisha mpe mwenzako naye aisome.

Kuchanganya kwake kunahitaji subira. Ndani ya kichupa kuna kipande kikavu cha njano kimeganda chini. Unaingiza mililita 12 za maji safi ya sindano, maji matupu, kamwe usitie ya chumvi. Hapohapo unatikisa kwa nguvu, angalau sekunde 30, na unatikisa kwelikweli, kwa mkono mzima. Ukitikisa kivivu utaona vipande vimebaki vinaelea. Ikikubali inakuwa maji ya njano yanayopitisha mwanga kwa ukungu. Mimi hukinyanyua kichupa kwenye dirisha na kukigeuza taratibu. Nikiona hata punje moja narudia kutikisa. Halafu unavuta kwa sirinji, unaweka kile kichujio cha mikroni 5 kinachokuja na dawa, na unasukuma kupitia hapo kuingia kwenye mfuko wa deksitrozi, yaani maji ya sukari, ya asilimia 5.

Mgonjwa wa kilo 45, ambao ndio uzito ninaokutana nao sana, anahitaji miligramu 450, yaani vichupa 9. Vichupa 9 vikishachanganywa ni kama mililita 112. Nachukua mfuko wa deksitrozi wa mililita 500, natoa kwanza mililita 112, ndipo naingiza dawa, ili kiasi kibaki 500 na hesabu ya matone isivurugike. Kutikisa vichupa 9 mmoja baada ya mwingine kunachosha kiganja na kifundo. Tukiwa wawili tunagawana: mmoja anatikisa, mwingine anavuta na kuchuja, na kila mmoja anahesabu kwa sauti. Kazi yote inakula karibu saa nzima. Wapo wanaolalamikia saa hiyo. Mimi nawaambia walinganishe na usiku 7 wa kukimbizana na mablanketi.

Jambo la kuogopa kuliko yote ni chumvi. AmBisome ikikutana na saline, yaani dripu ya maji ya chumvi, inaganda na kutengeneza chembechembe. Na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu kabla ya dawa mgonjwa hupewa lita 1 ya saline yenye ampuli 1 ya potasiamu ili kulinda figo, na mara nyingi ni kwa kanula hiyohiyo. Lazima mrija usuuzwe kwa deksitrozi kabla ya kuunganisha mfuko wa njano. Dawa za mshipa nyingine nazo zisipitishwe pamoja nayo. Kwa dozi kubwa namna hii tunaiendesha saa 2. Dakika 10 za mwanzo naiacha itiririke polepole na nakaa karibu, kwa kuwa wapo wagonjwa wachache ambao mara tu inapoanza hubanwa kifua, au wakapata maumivu ya mgongo na ubavu, au uso ukawaiva. Mara nyingi ukisimamisha kidogo yanapita, kisha unaanza tena kwa mwendo wa chini.

Nakumbuka mama mmoja aliyekuja kumuuguza mwanawe, kijana wa bodaboda. Alifika na mablanketi 2 mazito ya ziada kwenye mfuko wa sandarusi. Kijijini kwake kulikuwa na familia iliyowahi kulaza mtu wao kwa ugonjwa huu, na walimweleza habari za ile baridi ya dawa.

"Kamwene, sista."

"Kamwene, mama."

"Mbona maji yake ya njano?"

"Ndiyo rangi ya dawa yenyewe, mama. Usiogope."

"Ataanza kutetemeka saa ngapi, nimfunike?"

Nikamwambia huenda asitetemeke kabisa, na ikitokea tutakuwa naye. Akavuta kiti, akakaa anamtazama mwanawe usoni, blanketi liko mapajani tayari. Saa 2 zikapita. Mfuko ukaisha. Kijana alikuwa amelala, jasho jepesi kwenye paji la uso, joto la kawaida. Mama akauliza, "Na kesho mnamwekea tena?" Nikamwambia hapana, ya mshipa ndiyo imekwisha, zimebaki za vidonge. Akaniuliza mara ya pili, kwa sauti ya chini, kama mtu anayehisi anafichwa jambo: "Imekwisha kabisa, au imekwisha dukani?" Swali hilo limenikaa. Ndugu wa wagonjwa wetu wamezoea kuambiwa dawa imekwisha kwa maana moja tu. Nilimwonyesha faili, nikamsomea mstari ulioandikwa dozi 1.

Mutakaosema hayo ni ya kitanda kimoja, nawaletea ya vitanda vingi. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti unaoitwa AMBITION, uliofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Wagonjwa waliohesabiwa ni 814. Nusu walipewa dozi 1 ya AmBisome ya miligramu 10 kwa kilo, pamoja na vidonge vya kupambana na fangasi vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Nusu nyingine walipewa matibabu yaliyokuwa yanapendekezwa wakati huo, yaani ile ya zamani kwa siku 7 pamoja na flusitosini, kisha flukonazoli. Baada ya wiki 10 waliokuwa wamefariki upande wa AmBisome ni asilimia 24.8, na upande wa pili asilimia 28.7. Madhara makubwa yaliwapata asilimia 50 upande wa AmBisome, asilimia 62.3 upande wa zamani. Damu, ambayo kwa wagonjwa wetu huwa haba tangu wanaingia, ilishuka wastani wa gramu 0.3 kwa desilita katika wiki ya kwanza kwa waliopata AmBisome. Kwa wengine ilishuka gramu 1.9. Muuguzi aliyewahi kuzunguka benki ya damu usiku kutafuta chupa moja anajua tofauti hiyo maana yake nini. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaifanya kuwa chaguo la kwanza.

Wapo wanaodhani dozi moja ni mbinu ya kubana matumizi kwa ajili ya Waafrika. Sikubali. Kabla ya utafiti ule mkubwa kulikuwa na mdogo wa wagonjwa 80, uliofanyika Botswana na hapa kwetu Tanzania, na ukaonyesha dozi 1 kubwa inawaondoa fangasi kwenye maji ya uti wa mgongo sawa na dozi za kila siku kwa siku 14. Dawa hii inakaa muda mrefu kwenye nyama za mwili. Hiyo ndiyo sababu, na ni sababu ya kisayansi.

Bado asilimia 24.8 si jambo la kufurahia, ni karibu mtu 1 kati ya 4. Kwa hiyo niseme ambayo AmBisome haiyafanyi. Haishushi presha ya kichwa. Mgonjwa anayeumwa kichwa cha kupasuka, anayeona vitu viwili viwili, anayetapika, anahitaji kutolewa maji ya uti wa mgongo, na kama presha iko juu arudiwe kesho na keshokutwa. Nimeona wodi zikitoa dawa nzuri kisha zikaogopa sindano ya mgongo kwa sababu ndugu wameambiwa mtaani kwamba inapoozesha. Dawa bila kutoa maji ni nusu ya tiba. Tena haiondoi hitaji la vidonge: flusitosini ni mara 4 kwa siku, vidonge 9 kwa siku kwa mtu wa kilo 45, pamoja na kile cha usiku wa manane ambacho lazima uamke umwamshe. Figo bado zipimwe, potasiamu bado ipimwe. Na dawa za kufubaza VVU zisianzwe papo hapo; tunasubiri wiki 4 hadi 6, la sivyo kinga ikirudi ghafla ubongo unavimba upya.

Kwenye utunzaji inanifurahisha. Ile ya zamani inataka friji, nyuzi 2 hadi 8. Vichupa vya AmBisome ambavyo havijafunguliwa vinakaa kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Huku kwetu Nyanda za Juu kabati la kawaida linatosha karibu mwaka mzima. Wenzangu wa Dar es Salaam, Tanga au Lodwar kule Kenya hawana bahati hiyo, kwao bado ni chumba chenye kiyoyozi au friji ileile. Ikishachanganywa na deksitrozi ianze kutumika ndani ya saa 6, kwa hiyo usichanganye kabla mgonjwa hajamaliza lita yake ya saline.

Nimetaja Lodwar makusudi. Turkana, Pokot Magharibi na Baringo dawa hii inajulikana kwa ugonjwa mwingine kabisa, kalaazari, unaoletwa na inzi wadogo wa mchanga. Huko India dozi 1 ya miligramu 10 kwa kilo ilitibu vizuri sana. Afrika Mashariki dozi hiyo moja haikufua dafu, na ndiyo maana huku kinachotangulia ni sindano za sodiamu stiboglukonati na paromomaisini kwa siku 17, huku AmBisome ikitengewa wajawazito, wazee, wenye VVU na waliozidiwa, tena kwa dozi kadhaa. Ninalisema kwa sababu wauguzi huhama vituo. Usibebe hesabu ya wodi yangu ukaipeleka kwenye kambi ya kalaazari.

Vijana wa mafunzo ya vitendo wanaopita wodini huniuliza kuhusu nanojeli, wamezisoma chuoni na wanaona liposomu ni mambo ya kale. Ni swali zuri, nami nimelifuatilia. Wajapani, kundi la Kazunari Akiyoshi na Junzo Sunamoto, walitangaza mwaka 1993 chembe zilizotengenezwa kwa pululani, sukari inayotolewa na fangasi, iliyounganishwa na kolesteroli ili ijikunje yenyewe ndani ya maji. Jina la nanojeli likashika baada ya kazi ya Serguei Vinogradov na Alexander Kabanov mwaka 1999. Badala ya kiputo chenye ukuta, nanojeli ni wavu wa nyuzi uliojaa maji, kama sponji ya kuoshea vyombo iliyolowa, ila ni ndogo kiasi cha nanomita makumi au mia kadhaa. Kwa sababu ndani ni maji, inabeba vizuri vitu visivyoupenda ukuta wa mafuta, kama protini na vipande vya vinasaba. Inaweza kutengenezwa ivimbe au isinyae ikikutana na tindikali au joto, ikaachia mzigo pale tu panapotakiwa. Japani ile ya pululani imeshajaribiwa kwa binadamu kama mbebaji wa chanjo za saratani.

Sehemu inayonivutia mimi ni ya picha. Kwa dawa yetu kuna fumbo: ukipima maji ya uti wa mgongo unaikuta AmBisome kwa kiasi kidogo mno, na hali mgonjwa anapona. Kwa wanyama wa maabara imeonekana kwamba inaingia na kukaa kwenye nyama ya ubongo wenyewe. Kwa mgonjwa aliye kitandani siwezi kuiona ilikokwenda. Watafiti wa nanojeli wanaweka gadolini ndani ya wavu, madini yanayong'aa kwenye MRI, au rangi inayoonekana kwa mwanga wa karibu na infraredi, ili mbebaji yuleyule anayepeleka dawa aonekane kwenye picha. Gadolini iliyoshikwa ndani ya jeli inazunguka polepole kuliko ikiwa huru, na hilo linaongeza mng'ao wake. Ukifikiria maana yake kwa daktari, kujua siku hiyohiyo kama dawa imefika kwenye uvimbe au imeishia kwenye ini, unaelewa kwa nini watu wanaumiza vichwa kwa hilo.

Ila nina maswali ya wodini. Gadolini kwa mtu mwenye figo mbovu tunajua ina hatari ya kukakamaza ngozi na viungo. Mbebaji anayeikalisha mwilini muda mrefu lazima athibitishe kwamba anaitoa. Wagonjwa wangu ndio haohao ambao figo zao zimeyumba. Halafu: unaichanganya na maji gani? Inavumilia safari ya lori? Ikikaa kwenye kabati usiku umeme umekatika inabaki jeli au inakuwa uji? MRI iko wapi, na nani atamsindikiza mgonjwa huko? Liposomu zilishajibu maswali ya namna hii. Doxil, dawa ya saratani iliyofungwa kwenye liposomu, iliruhusiwa Marekani mwaka 1995, AmBisome mwaka 1997, na wengi wenu wasomaji mmeshachomwa chembe za mafuta za nano bila kujua, mkipata chanjo ya Pfizer au Moderna. Nanojeli nitaipenda siku itakapokuja na kichujio chake na karatasi ya maelekezo ninayoweza kuisoma kwa tochi.

Tuje kwenye bei, ambapo AmBisome inanyimwa nyota yangu ya tano. Mwaka 2018 Gilead, kampuni inayoimiliki, ilitangaza bei ya dola 16.25 kwa kichupa kwa nchi 116 za kipato cha chini na cha kati. Kwa mgonjwa wangu wa vichupa 9 hiyo ni dola 146.25 kwa dozi, kabla ya usafirishaji na kabla ya vidonge. Ni nafuu kubwa ukilinganisha na zinavyolipa nchi tajiri, na kwa kalaazari kampuni hiyo imekuwa ikitoa msaada wa dawa kupitia Shirika la Afya Duniani tangu 2011. Lakini Madaktari Wasio na Mipaka na wengine wamelalamika hadharani kwamba bei iliyotangazwa ilichelewa kufika kwa wengi waliopaswa kuipata. Toleo la kampuni nyingine, Sun Pharma, liliruhusiwa Marekani Desemba 2021, na wingi wa watengenezaji ndio utakaoishusha. Natamani hilo liharakishwe. Ugonjwa huu ulikadiriwa kuua watu 112,000 kwa mwaka 2020, karibu mmoja kati ya kila vifo 5 vya UKIMWI, na wengi wao wako kusini mwa Sahara. Dawa wanayoihitaji, iliyotengenezwa kwa ufundi wa namna hii, haipaswi kuwa kitu cha bahati, kwamba ukiugua mwezi wa mzigo umepona na ukiugua mwezi mkavu unatetemeka.

Kwa wafamasia mnaoagiza: msilete vichupa peke yake. Kuna maghala yanayofungua makasha na kugawa vichupa bila vichujio, au yanaleta dawa kituoni ambako deksitrozi ya asilimia 5 imekwisha na saline imejaa rafu nzima. Agizeni kwa seti: vichupa, vichujio, maji ya sindano, deksitrozi, ampuli za potasiamu, flusitosini ya siku 14, na sindano za mgongo. Flusitosini hasa, maana ikikosekana hiyo, dozi ile moja ya thamani inabaki na flukonazoli peke yake ya kusaidiana nayo.

Na wewe unayeingia zamu usiku huu, suuza mrija kwa deksitrozi kabla ya kuunganisha mfuko wa njano, hata kama aliyekukabidhi zamu amekwambia keshausuuza.